Mwali Ndani, Lakini Si Gizani



Mwezi wa Juni tulimpeleka bibi harusi wetu Mkiwa. Kwa wasiopajua, Mkiwa iko Singida, wilaya ya Ikungi, pale barabara ya kutoka Itigi inapokutana na barabara kuu inayotoka Manyoni kwenda Singida mjini. Kutoka Unguja unapanda boti, kisha treni ya SGR mpaka Dodoma, kisha basi, na ukishuka vumbi limekuingia mpaka kwenye kope. Ukweni kwa mtoto wetu ni Wanyaturu, Waislamu, wakulima wa alizeti na wafugaji wa kuku. Sisi tulikuwa dada zake, mashangazi wawili, somo wake, na mabegi ambayo mpaka leo hatujui nani aliyaomba.

Tulikwenda kwa harusi, tukarudi na mjadala. Ndio huu tunauleta kwenu, hasa nyie ambao tarehe zenu zimeshapangwa.

Kabla ya nikaha, mwali alikaa ndani siku tisa. Hilo ni jambo letu na hatulikatai. Singo ilitwangwa, liwa ikasagwa, asmini zikatungwa, hina na piko zikachorwa, somo akafunza yake. Lakini tuseme ukweli chumba chenyewe kilikuwaje. Ghorofa ya tatu, dirisha la aluminiamu lenye pazia mara mbili ili majirani wa jengo la pili wasichungulie, kiyoyozi, na taa ya dari iliyowaka tangu asubuhi kwa sababu bila hiyo usingeweza kutunga uzi kwenye sindano. Mchana kutwa mwali amelala, au anapakwa huku anasinzia. Usiku ndio anachangamka: taa ileile, simu mkononi, mashoga, picha za kumbi, sauti za bwana harusi kutoka bara, mpaka saa nane, saa tisa. Alfajiri anaamshwa kwa kuvutwa mguu. Siku ya nne akaanza kuumwa kichwa. Siku ya sita hedhi ikaja kabla ya wakati wake, baada ya mahesabu yote yale ya tarehe. Hatusemi ni taa peke yake, maana harusi nayo ni mtihani kwa mwili. Ila siku ya kupambwa, mpambaji alitumia muda mwingi chini ya macho kuliko kwenye macho yenyewe.

Sasa Mkiwa. Asubuhi ya kwanza, baada ya sala ya Alfajiri, mama mkwe alimgongea mlango: "Mwanangu, toka uje uote jua." Kule mwezi wa Juni ni baridi, na upepo wa Singida haumbembelezi mtu. Kuota jua! Sisi wa visiwani tunaota moto, jua tunalikimbia. Mtoto wetu akatoka na kanga zake mbili na sweta la kuazima, akakaa kwenye gogo nyuma ya nyumba ambako wanaume hawapiti, pamoja na mawifi waliokuwa wakipeta alizeti. Akakaa mpaka chai. Kesho yake vilevile. Usiku wa tatu, saa tatu kasorobo, bibi harusi anapiga miayo. Na sisi tuliozoea kulala saa sita tulikuwa tumeshajikunja kwenye mikeka. Somo akasema ni uchovu wa safari. Lakini uchovu wa safari huisha, na huu haukuisha siku zote tano tulizokaa. Ulikuwa unakuja saa ileile kama mtu aliyealikwa.

Tueleze tunavyoelewa kilichotokea, na tuanze na kuku, kwa kuwa tulikuwa kwa watu wa kuku.

Anayefuga kuku wa mayai anajua kwamba akiwawashia taa ili wapate mwanga wa saa kumi na nne mpaka kumi na sita kwa siku, wanataga zaidi. Mwanga ukipungua, na mayai yanapungua. Taa haiwapi chakula chochote. Mwanga unaufikia ubongo wao, ubongo unaamrisha homoni za uzazi, na mayai yanakuja. Mwanamke si kuku, na uzazi wetu haufuati taa kwa ukali ule. Hata hivyo mwili wetu nao una mlango wake wa kupokelea mwanga, na mlango huo ni jicho.

Ndani ya jicho, mbali na zile chembe za kuonea, kuna chembe nyingine ambazo wanasayansi walikuja kuzielewa vizuri kuanzia mwaka 2002 tu. Kazi yao si kutuonyesha sura wala rangi. Wanapeleka ubongoni habari moja: kumekucha, au kumekuchwa. Habari hiyo inafika kwenye saa kuu ya mwili, na saa hiyo ndiyo inayogawa homoni kwa zamu. Kukikaribia kucha inapandisha kotizoli, homoni inayotuamsha na kutupa nguvu ya kuanza siku. Kukichwa inaruhusu tezi ndogo iliyo katikati ya ubongo, iitwayo pineali, itoe melatonini, nayo inautangazia mwili mzima kwamba usiku umeingia. Mwaka 2017 Wamarekani watatu, Hall, Rosbash na Young, walipewa tuzo ya Nobeli ya tiba kwa kufumbua jinsi saa hiyo inavyofanya kazi ndani ya chembe za mwili. Walianzia kwa vijinzi vya matunda.

Sisi wa huku tulikuwa na habari hizi kwa njia nyingine. Saa ya Kiswahili inaanza kuhesabu jua linapochomoza, na saa ya kwanza ya usiku ni ile inayofuata machweo. Sala zetu tano nazo zimefungwa kwenye mwanga: alfajiri inapopasuka, jua linapopindukia, kivuli kinaporefuka, jua linapozama, na wekundu unapotoweka. Mkiwa adhana ya Magharibi ilikuja karibu robo saa baada ya ile ya nyumbani, kwa sababu tulikuwa tumelifuata jua upande wa magharibi. Dada mmoja ambaye simu yake ilibaki na ratiba ya Unguja alitaka kutuswalisha huku jua bado linatutazama.

Shida ni kwamba jicho haliridhiki na mwanga wowote tu. Mwanga hupimwa kwa laksi. Nje juani adhuhuri unaweza kufika laksi 100,000. Kivulini chini ya mwembe bado ni maelfu. Ndani ya chumba chenye taa nzuri ya umeme ni 100 mpaka 300 hivi, ingawa sisi tunaona "kuna mwanga kweupe". Na mbalamwezi ya mwezi kumi na nne, ile tunayoisifia, haifiki hata laksi 1.

Sasa mpigieni hesabu mwali wetu. Mchana taa ya dari, usiku taa ya dari. Mchana wake ulikuwa hafifu mno kuitwa mchana, na usiku wake ulikuwa mweupe mno kuitwa usiku. Tulidhani tumemhifadhi, kumbe tumempotezea saa.

Hili limepimwa. Utafiti mmoja uliotolewa Marekani mwaka 2011, kwa watu 116, ulionyesha kwamba mwanga wa kawaida wa chumba, usiofika hata laksi 200, mtu akiukalia jioni mpaka kulala, unachelewesha melatonini na kuufupisha muda wake kwa dakika 90 hivi ukilinganisha na mwanga hafifu sana. Na mwaka 2013 watafiti wa Colorado waliwapeleka watu wanane milimani wiki moja, bila taa wala simu, jua na moto wa kuni tu. Melatonini yao ikaanza kupanda mapema kwa karibu saa mbili nzima. Watu wanane ni wachache, na sisi hatukupimwa damu wala mate kule Mkiwa, lakini tulipoisoma habari hiyo tulicheka, kwa sababu ndiyo mikeka yetu ya saa tatu.

Kuhusu simu tunataka kuwa waadilifu, maana siku hizi kila kosa la vijana linabebeshwa simu. Utafiti wa mwaka 2015 wa watu kumi na wawili waliosoma kwenye kioo kinachowaka kabla ya kulala ulikuta melatonini inachelewa saa moja na nusu, ila usingizi wenyewe ulichelewa dakika kumi tu hivi. Kwa maoni yetu taa ya dari ina makosa zaidi kuliko kioo cha simu, na kosa kubwa la simu ni maneno yaliyomo. Mtume (S.A.W.) alikuwa akichukia kulala kabla ya Isha na mazungumzo baada yake, imo kwa Bukhari. Wanazuoni wakatoa nafasi kwa elimu, kwa mgeni, na kwa mtu na mkewe. Mwali bado hajafika kwenye nafasi hiyo ya tatu, kwa hiyo saa nane za usiku hazina udhuru.

Imo pia hadithi ya kuzima taa wakati wa kulala. Sababu iliyotajwa humo ni hatari ya moto, panya kuburuta utambi, na sisi hatupendi kuitia hadithi maneno ya homoni ambayo haikuyasema. Inatosha kwamba aliyeifuata amelala gizani. Lakini Surat An-Naba inapoufananisha usiku na vazi, hapo tunasimama. Sisi ni wanawake wa stara. Tunajua vazi ni nini, tunajua ukiazima ushungi mwepesi unaonyesha nywele. Mbona vazi hili la usiku tunalivua kila siku kwa taa, na hatuoni kuwa tumebaki wazi?

Asije mtu akatuelewa kwamba umeme ni balaa. Waliokuwepo Unguja mwaka 2008, tulipokaa karibu mwezi mzima gizani, na tena kuanzia Desemba 2009 mpaka Machi 2010, hawawezi kuimba sifa za giza. Maji hayakupanda, samaki waliharibika, mwenye jenereta alikuwa mfalme. Moshi wa koroboi nao si afya, na mwanamke anayejifungua anastahili taa kali kuliko zote. (Mtaalamu wa uchumi Alfredo Burlando alilichunguza lile giza la 2008 akakuta watoto waliozaliwa miezi minane mpaka kumi baadaye waliongezeka waziwazi. Hilo wala si la homoni; watu walikosa televisheni, wakawahi majumbani. Mashangazi walilicheka mpaka Manyoni.) Mtafiti wa Norway, Tanja Winther, aliyeishi Uroa, kijiji kilichopata umeme mwaka 1990, aliandika kwa kirefu jinsi taa na televisheni zilivyozigeuza jioni za watu. Anayekumbuka Uroa ya kabla atakwambia. Tunachotaka ni kila kitu kwa wakati wake.

Na wala si kweli kwamba zamani watu walilala na kuku. Mwaka 2015 ulichapishwa utafiti juu ya usingizi wa Wahadzabe wa upande wa Ziwa Eyasi, pamoja na jamii mbili za Namibia na Bolivia zisizotumia umeme. Wahadzabe ni jirani wa wakwe zetu hasa, wapo hata Mkalama, mkoa huohuo wa Singida. Watu hao walikuwa wanalala zaidi ya saa tatu baada ya jua kuzama, na kwa wastani hawakulala zaidi ya saa saba. Hawatuzidi kwa wingi wa usingizi. Kilichojitokeza ni asubuhi yao: mwanga mwingi kuliko wote waliupata mnamo saa tatu asubuhi, na adhuhuri wakajificha kivulini kama mtu yeyote mwenye akili. Tembe za kale za Singida zina kiza ndani, madirisha kama ngumi, na hazikumdhuru mtu, kwa sababu tembe ilikuwa ya usiku. Mchana mtu yuko nje. Sisi tumejenga nyumba za vioo kisha tukazipigia pazia.

Tunafika kwenye jambo ambalo wengine wanalingojea kwa hamu: "Ndiyo hayo mabuibui yenu." Hapana, subirini kidogo.

Mwanga tuliousema mpaka sasa unapita machoni. Upo mwingine unaopita kwenye ngozi, miale ya jua isiyoonekana, inayotengeneza vitamini D. Jina ni vitamini lakini tabia yake ni ya homoni: inatengenezwa sehemu moja ya mwili na kufanya kazi sehemu nyingine, ikiliongoza tumbo kunyonya kalsiamu na kuipeleka kwenye mifupa. Ikikosekana mtoto anapata matege, mtu mzima anapata mifupa laini, maumivu ya nyonga na mgongo, misuli kuchoka kupanda ngazi. Mjamzito anamgawia mtoto kutoka kwenye akiba yake, na kama hana, hana cha kugawa. Chakula kinatoa kidogo: samaki wa mafuta kama vibua na dagaa, kiini cha yai, maini. Kilichobaki ni jua.

Mambo mawili yanatupita wengi. La kwanza, miale hiyo haipiti kwenye kioo kilichofungwa, kwa hiyo kukaa kwenye kochi dirishani ukaona umeota jua ni kujidanganya. La pili, jua la mapema sana linaamsha saa ya mwili lakini halitoshi kwa vitamini D. Kipimo chake ni kivuli. Kivuli chako kikiwa kifupi kuliko wewe, miale inafika. Kikikuzidi, imeshapungua sana. Sisi wa madhehebu ya Shafi tunakijua kipimo hicho tangu chuoni, ndicho tunachopimia Alasiri. Na ngozi yetu nyeusi, ambayo Mola ameipa kinga, inahitaji muda zaidi kuliko ya mweupe kupata kiasi kilekile. (Dada zetu wenye ualbino haya hayawahusu, wao wajikinge na jua kila saa.)

Sasa buibui. Ni kweli kitambaa kinazuia miale. Ni kweli pia kwamba Saudia na nchi nyingine za Ghuba, ambako jua linaunguza, upungufu wa vitamini D kwa wanawake umeonekana mara nyingi katika vipimo. Lakini umeonekana pia kwa wanaume wa kulekule wasiovaa buibui, wanaotoka nyumba ya kiyoyozi kwenda gari la kiyoyozi kwenda ofisi ya kiyoyozi. Upande wa pili, mwaka 2012 watafiti walipima damu za Wamasai na Wahadzabe hapa Tanzania, wakakuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, wakati madaktari wengi huanza kuhofia chini ya 50. Hao hawakuwa watu wa kujianika uchi juani. Watafiti wenyewe waliandika kwamba wana mavazi ya kiasi na hulikwepa jua kali wanapoweza. Tofauti ni kwamba sehemu kubwa ya siku wako nje.

Na dini haikutuamrisha buibui mbele ya ukuta wetu wenyewe. Bibi zetu walivaa ukaya na buibui, na hawakuishi kizani, kwa sababu walikuwa na uani. Tunataka neno hili mlikumbuke. Nyumba za Mji Mkongwe zilikuwa na ua katikati. Nyumba za shamba zilizungushiwa makuti. Uani ndipo mwanamke alipopika, akapepeta mchele, akasuka ukili, akasukwa nywele kichwa wazi, akamwosha mtoto kwenye karai, mikono na miguu ikiliona jua, na hakuna ajinabi anayemwona. Stara na mwanga vilikaa nyumba moja. Yalipokuja maghorofa ya Michenzani baada ya Mapinduzi, na sasa haya ya kupangisha ya vyumba viwili na sebule, tulipata maji ya bomba na choo cha ndani, alhamdulillah, lakini uani ulibaki chini. Buibui likabaki lilelile. Ndipo hesabu ilipoharibika, na lawama ikaangukia vazi.

Kwa hiyo tukiulizwa maoni yetu ni haya: mwali akae ndani, lakini ndani kuwe na uani.

Siku saba au tisa hazivunji mifupa ya mtu, tusitishane. Akiba ya vitamini D haishi kwa wiki. Kinachoharibika kwa wiki ni usingizi, kichwa, uso, na hamu ya kula, na huyo ndiye mtu mnayemkabidhi kwa mumewe. Tunachohofia zaidi ni kwamba siku zile ni mafunzo. Somo anafundisha kupika, kujipamba, kuishi na mume, na chumba kile chenye pazia mara mbili nacho kinafundisha, kwamba mwanamke aliyetunzwa ni yule asiyeguswa na jua. Anakwenda nalo hilo kwake, kwenye mimba zake, miaka ishirini.

Na tuseme lililo nyuma ya pazia. Wengine hawamfichi mwali kwa ajili ya stara wala mapumziko. Wanamficha "atakate". Anawekwa kizani ili rangi ifunguke, na isipofunguka kwa haraka inaletwa krimu isiyo na jina kamili, pengine ina zebaki au haidrokwinoni, vitu vilivyopigwa marufuku nchini kwenye vipodozi. Singo ya maua na liwa haijawahi kumbadili mtu rangi, ilikuwa ya kulainisha na kunukia. Aliyekuja kumposa mtoto wenu alimwona na rangi yake.

Neno kuhusu eda, kwa kuwa mjane husahauliwa katika mazungumzo haya. Miezi minne na siku kumi si wiki moja. Vitamini D iliyomo kwenye damu hupungua kwa nusu ndani ya wiki mbili au tatu hivi isipoongezwa, na mjane mara nyingi ni mtu mzima ambaye mifupa yake imeshaanza kudai. Tumewahi kusikia mjane akikatazwa hata kukaa uani kwake, asionwe na jua, na aliyemkataza akadhani ni dini. Katika Sahihi Muslim kuna kisa cha mama mdogo wa Jabir, aliyekuwa kwenye eda ya talaka, akatoka kwenda kuvuna tende zake, mtu mmoja akamkemea, na Mtume (S.A.W.) akamruhusu akavune. Hukumu za mjane kutoka nje muulizeni sheikh wenu, zina maelezo yake. Lakini uani kwake ni nyumbani kwake. Jua la nyumbani kwake ni haki yake.

Masomo na makungwi, ombi letu kwenu ni dogo. Mwali baada ya Alfajiri asirudi chini ya shuka. Akae ulipo mwanga, uani, darini, au kwenye varanda iliyowekewa pazia jepesi upande wa majirani, na chai anywee hapo. Siku ya singo msipake chumbani. Pakeni uani kabla ya Adhuhuri, mlango umefungwa, mikono na miguu ikiwa wazi. Jioni baada ya Isha zimeni taa ya dari, washeni taa ndogo ya pembeni yenye rangi ya manjano, nayo iwe chini. Simu ilale chumba kingine, kwa mama. Akiwa na maumivu ya mifupa ya muda mrefu, au yuko kwenye mimba na hajatoka nje miezi, asinunue vidonge kwa kusikia, aende akapimwe.

Na akina baba mnaojenga: mnatuuliza marumaru za rangi gani, geti la muundo gani. Tuachieni hatua chache za ua nyuma, ukuta urefu wa mtu na nusu, juu wazi. Bei yake haifiki bei ya lile geti.

Mtoto wetu alituma sauti wiki iliyopita kutoka Mkiwa. Kichwa hakimuumi tena, na kuku wa mama mkwe wanamwamsha kabla ya muadhini. Amemwomba mumewe azungushie upande ule wa nyuma wenye gogo, ili awe anakaa bila ushungi hata wageni wakija. Mume amekubali, ila huko hakuna makuti. Wanazungushia kwa mabua na fito. Somo haridhiki. Ameuliza kama makuti yanapokelewa kwenye treni ya Dodoma.